Boti Isiyojaa

Mwaka ule pweza na samaki walikosa wanunuzi, na kisiwani kwetu Songo Songo watu wakaacha kusafiri. Mimi nina duka dogo, kwa hiyo niliyaona mapema. Aliyezoea kununua mche mzima wa sabuni aliomba kipande. Khanga zilikaa kwenye kamba mpaka zikapauka mikunjoni. Harusi za Kilwa Masoko watu walizipongeza kwa simu tu. Mwisho mwenye boti ya abiria, iliyokuwa ikivuka kwenda bara kila asubuhi, akatangaza kwamba haitoki mpaka ijae.

Binti yangu alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wa kwanza alimzaa kwa upasuaji, na zahanati ilishatuonya kwamba wa pili asizaliwe kisiwani. Tulitaka kuvuka mapema. Mara kadhaa tulishuka pwani na mabegi, tukarudi nyumbani kwa kukosa abiria wenzetu. Kisha asubuhi moja uchungu ukamshika.

Nilimkimbilia nahodha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu ameshikwa na uchungu. Tuvushe, baba."

Akatazama chini. "Mama, mafuta yaliyomo yatatufikisha katikati tu. Tajiri mwenye boti hajaleta mengine."

Binti yangu alikuwa ameketi mchangani, ameuma ncha ya khanga, ananitazama. Nilishindwa hata kumdanganya.

Nahodha akawageukia wavuvi waliokuwa wamekaa bila kazi. "Nani amebakiwa na mafuta?"

Mmoja akafungua tangi la mashine yake, akamimina kwenye dumu. Mwingine akaja na chupa. Hakuna aliyeuliza atarudishiwa lini.

Njia nzima nilisikiliza injini. Kila ilipokohoa, nililitazama dumu.

"Mama, tutafika?" binti yangu akauliza.

"Tutafika, inshallah."

Baadaye akalegea, akafumba macho. Nilikuwa nikimpapasa shavu ili nione kama atafumbua macho.

Tulipofika bara, Kilwa Kivinje, wanaume walimbeba juu juu mpaka kwenye gari, tukapelekwa hospitali. Nilikaa nje ya chumba cha upasuaji, na kila mlango ulipofunguliwa niligeuza uso nisiione sura ya anayetoka.

Muuguzi akaniita. Alikuwa amempakata mtoto wa kiume.

"Mama yake je?" nikauliza.

"Anashonwa. Yuko salama."

Nilimpokea mjukuu, nikaelekea naye mlangoni kumtafuta mama yake; muuguzi akamchukua tena na kuniambia niketi kwanza.