Nyota Niliyoiona Usiku wa Mvua

Hiki kisa sipendi kukisimulia, na si kwamba naona haya peke yake, la, ni kwamba kila nikifika katikati damu inanichemka upya, natafuta mtu wa kumgombeza, na mtu mwenyewe nikimtafuta namkuta ni mimi. Lakini kwa vile wengine wenu mshakisikia pale kwa mama chapati kikiwa kimetiwa chumvi na pilipili (eti nilimrushia daktari kiti, na daktari mwenyewe alikuwa ng'ambo), afadhali mkisikie kwa mwenye aibu yake.

Mimi nauza mapazia ya mitumba Gikomba, hilo mnalijua. Ambalo wengi hamlijui ni kwamba kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiangalia nyota. Si za kutabiri (shangazi yangu wa Mombasa alidhani nimegeuka mganga, akanipigia simu nimtazamie mambo ya mumewe), ni zile nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka. Wataalamu wana darubini kubwa kama nyumba, lakini nyota ni nyingi na wao ni wachache, na darubini ya namna ile haiwezi kukaa kila usiku ikikodolea nyota moja ikingoja ibadilike. Hapo ndipo tunapoingia sisi watu wa kawaida. Unapanda juu ya paa la ploti, haya majengo yetu ya vyumba vya kupanga, pale tunapoanika nguo, unaitafuta nyota yako kwa darubini ndogo, unailinganisha na jirani zake ambazo mwanga wake unajulikana, unasema hii imeipita ile kidogo lakini haijaifikia hii nyingine, unaandika namba, unaituma kwa simu. Namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu, ikiwa ndogo nyota inang'aa (msiniulize nani aliipanga kinyumenyume hivyo, mimi mwenyewe ilinisumbua mwezi mzima).

Tulikuwa watu watano hapa Kayole, kila mtu na zamu yake, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Nyota yetu kuu ilikuwa na jina la herufi na tarakimu lisiloshikika kichwani, tukaipa jina letu, Kinyonga. Siku nyingi Kinyonga hukaa kwenye kumi na mbili, unaikazia macho hadi yanatoa machozi, halafu siku moja, hujui lini, inawaka mpaka tisa, inang'aa siku chache kisha inazima tena. Aliyekuwa akiitafiti ni Daktari Nasra, mwanamke mzaliwa wa Tanga anayefundisha chuo kikuu huko nje, na alituomba jambo moja tu: mkiiona imewaka niambieni siku hiyo hiyo, niombe darubini kubwa igeuzwe.

Sasa, mimi nilikuwa mwenyekiti mkali. Nafasi tupu kwenye orodha ya zamu ilikuwa inanikera kama meza ambayo haijauza kitu tangu asubuhi. Mtu akikosa kujaza namba namwandikia kwenye grupu ya WhatsApp mbele ya wote, na niliyemwandikia sana ni Mercy, msusi wa nywele, mama wa watoto wawili, kwa sababu Mercy kukiwa na mawingu alikuwa anaandika tu "mawingu" na kulala. Mimi namwambia mawingu hayafuniki anga usiku kucha, nafasi tupu ni uvivu. Hajibu. Na kutojibu kwake kulikuwa kunanichoma zaidi.

Basi ikafika zamu yangu, Jumanne ile baada ya Pasaka. Mnaikumbuka mvua ya Jumanne ile. Maji yaliingia ploti yetu chini, yakamkuta Shosho Nyambura, jirani yetu mzee anayekaa peke yake, godoro linaelea na yeye kasimama juu ya stuli, na mimi na mume wangu Bakari tukakesha tukiyateka kwa ndoo na kuyamwaga nje, nayo yanarudi kupitia mlango ule ule. Tulimaliza adhana ya alfajiri ikilia. Nikakaa kwenye ngazi nimelowa mpaka ndani, nikafungua simu nione kama mvua itaendelea, nikaona orodha ya zamu, na nafasi yangu humo. Jumanne. Mama Hadija. Tupu.

Hapo ndipo nilipojiharibia, pale kwenye ngazi. Nilijiambia, jana Kinyonga ilikuwa kumi na mbili, juzi kumi na mbili, leo itakuwa ngapi kama si kumi na mbili? Nani atadhurika? Zamu ile ilikuwa na nyota mbili, Kinyonga na nyingine tulivu ambayo haitoki kwenye tisa, nikaandika namba zote mbili kwa vidole vinavyotetemeka kwa baridi, nikatuma, nikaenda kulala.

Saa nne asubuhi niko Gikomba nafungua beli la mapazia, simu ikalia. Ujumbe wa Daktari Nasra. "Mama Hadija, umeandika Kinyonga iko tisa. Hakuna mwingine aliyeleta namba usiku huu. Una hakika?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimezigeuza. Namba ya ile tulivu nimeipa Kinyonga, na ya Kinyonga nimeipa ile tulivu.

Lilitosha neno moja tu, samahani daktari, nimekosea, na kisa kingefia pale kwenye beli. Lakini fikirieni mimi, mwenyekiti, niliyewapigia wenzangu kelele kwa nafasi tupu, niseme nimekosea, aniulize umekoseaje, niseme sikuangalia kabisa? Hasira ikanipanda, tena kwake yeye, eti ananiuliza kama nina hakika, kwani mimi mtoto? Nikaandika: "Nina hakika."

Jioni Mercy akauliza kwenye grupu, kwa adabu zake zile, "Mwenyekiti, uliiona saa ngapi? Kwetu mvua haikukatika." Nikamjibu kwamba mawingu yalifunguka kidogo saa kumi alfajiri, wavivu wakiwa wamelala. Usiku huo anga likawa jeupe, zamu ilikuwa yake, akaandika Kinyonga haijawaka, iko kumi na mbili kama kawaida. Sasa niambieni, mtu mwenye akili angeshukuru, angesema labda nilikosea, mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Mimi niliandika mbele ya wote, "Mercy, macho yako yamechoka na kusuka. Pumzika zamu mpaka nitakapokuita." Nikamtoa. Na mimi nikalala vizuri, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, nililala vizuri kabisa.

Darubini kubwa iligeuzwa. Haikukuta kitu. Nikadhani yameisha, lakini Daktari Nasra hakudhani mimi ni mwongo (angalau angedhani), alidhani nyota imefanya kioja. Akaniandikia kwamba huenda Kinyonga iliwaka kwa saa chache tu ikazima, jambo ambalo hajawahi kuliona kwa nyota hiyo, na kama ni kweli, basi mimi nimeona kitu kipya. Akataka azungumze na kikundi chetu na watu wa mtaa kwa video, aeleze jinsi watu wa kawaida wanavyosaidia utafiti, na mimi nisimulie nilichokiona. Ningekataa. Lakini Bakari alikuwa amesoma ujumbe juu ya bega langu na keshaenda kuwaambia watu wa ploti nzima.

Jumamosi alasiri ukumbi wa mtaa ukajaa. Viti vya plastiki, projekta ya kuazima, uso wa daktari ukutani mkubwa kama dirisha. Nilivaa buibui langu la Idi. Kompyuta iliendeshwa na Mercy, ndiyo, Mercy huyo huyo, maana hakuna mwingine aliyejua kuunganisha ile mitambo, na alikuja nilipomwita, akakaa kando ya meza bila kunitazama. Daktari akaonyesha mchoro, vidoto vingi vimejipanga chini, na kidoto kimoja peke yake juu kabisa. "Hicho," akasema, "ni cha Mama Hadija." Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

"Mama Hadija, tuelezee usiku ule. Anga lilikuwaje?"

"Lilikuwa safi," nikasema kwenye maikrofoni. "Kwa muda mfupi tu, alfajiri. Nikaiona inawaka."

Nami nilikuwa nimeisema mara nyingi hivyo kichwani mwangu kiasi kwamba wallahi niliiona. Hapo Bakari akasimama. Mume wangu anauza mbuzi Kiamaiko, ni mtu wa maneno machache, katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kusimama mbele za watu, na siku aliyochagua ikawa ile.

"Naomba niongeze," akasema, kifua mbele. "Usiku ule ndio ule wa mafuriko. Tulikuwa kwa Shosho hapa tunateka maji. Na bado mke wangu akapanda juu kuangalia nyota, hata mimi sikumwona akienda. Kama ni bidii, mjifunze kwa huyu."

Shosho Nyambura alikuwa safu ya mbele na fimbo yake. Hakuwa na nia mbaya, na sauti yake ni ya mtu asiyesikia vizuri, kwa hiyo husikika na kila mtu.

"Alipanda saa ngapi?" akauliza. "Huyu alikuwa kwangu na ndoo mpaka adhana. Na mvua ilikuwa bado."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akasema usiku ule hata mwezi ungelowa. Kisha kila mtu akawa na lake la usiku ule, nani alipoteza jiko, nani alibeba watoto mgongoni, maana ukumbi mzima ulikuwa macho, ukumbi mzima ulikuwa ndani ya maji, na hakuna hata mmoja aliyeona anga.

"Samahani," sauti ya daktari ikatoka ukutani, taratibu. "Mama Hadija, mvua ilikuwa inanyesha?"

Ningeweza kujibu. Badala yake nilimwinamia Mercy, maikrofoni nimeisahau mkononi, nikamnong'oneza kwa meno yaliyoumana: "Zima hiyo kompyuta, kabla sijakuzima wewe."

Ikasikika ukumbini, ikasikika ng'ambo. Kicheko kikakatika mara moja.

Mercy akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Siwezi kuzima, Mama Hadija," akasema. "Daktari amekuuliza swali."

Nikasema. Nililisema kwa hasira, kana kwamba namgombeza mtu: ndiyo, ilikuwa inanyesha, sikupanda, sikuona kitu, niliandika tu.

Daktari Nasra hakupaza sauti, na laiti angepaza. Alisema ile namba ataiondoa. Alisema usiku ule wa darubini kubwa ulikuwa wa mtafiti mwenzake aliyekuwa ameungoja muda mrefu, na yeye alimwomba ampishe, kwa ajili yangu. Kisha akasema namba zote za kikundi chetu itabidi aziweke kando kwanza mpaka azikague, moja moja. Zote. Na za Mercy. Miaka ya kupanda ngazi kwenye baridi, ya kuandika mawingu kukiwa na mawingu, imewekwa kando kwa sababu yangu, na niliona uso wa Mercy ulipolisikia hilo. Alifunga kompyuta polepole, akazungusha waya wake, akatoka.

Tulipofika mlangoni Bakari akanigeukia. "Ungeniambia," akasema, "ningekaa." Nikamfokea. Nikamwambia nani alimtuma asimame, mdomo umemwasha nini siku ile ya siku zote. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akaingia ndani kubandika chai. Hakuna kitu kinaudhi kama kumfokea mtu asiye na kosa.

Jumatatu nikaenda saluni kwa Mercy. Alikuwa na kichwa cha mteja mkononi na hakusimamisha vidole. Nikamwambia nimejiuzulu, yeye awe mwenyekiti, nimemwandikia daktari kwamba namba zake zote ni za kweli na kwamba nilimtoa kwa sababu alisema ukweli.

"Uenyekiti sitaki," akasema. "Uliniandikia kwenye grupu. Rudi pale pale uandike."

"Nishamwandikia daktari, Mercy."

"Aliyetukanwa si daktari."

Mteja akajifanya analala. Nikakaa kwenye benchi la saluni, nikaandika mbele yake kwamba macho ya Mercy hayakuwa yamechoka, kwamba niliyelala kazini ni mimi, na mvivu ni mimi. Simu yake ikalia kwenye meza, akaisoma, akairudisha, akaendelea kusuka. Kuniambia amenisamehe hakuniambia, na mpaka leo hajaniambia.

Daktari amemaliza kukagua, namba za wenzangu zimerudishwa, zangu nusu hazikurudi na sina la kumlaumu. Bado napanda juu, siku hizi nikiwa mwanachama wa kawaida, na watu wa ploti wakiniona na darubini wananiuliza kama nimebeba mwavuli, na bado nakasirika, sitawadanganya. Lakini nimeapa: orodha na ikae tupu mwaka mzima, initoboe macho inavyotaka, nisipoona nitaandika sikuona, na mtu akiniuliza kama nina hakika, nitakaa chini kwanza nijiulize mwenyewe kabla sijamkasirikia.