Mstari Mwekundu kwenye Kadi ya Mama

Zamani, kwenye zahanati yetu ya Arua, kadi za wagonjwa zilikuwa na jina, kijiji, umri wa kukisia na maradhi. Hazikuuliza ni dawa gani inamdhuru mtu. Kisha kule Koboko, kwenye zahanati ndogo iliyokuwa chini yetu, mzee mmoja akachomwa penisilini, akavimba uso hadi macho yakafungika. Alipona, Mungu mkubwa, lakini mganga wetu wa Arua alirudi kutoka huko akiwa mtu mwingine. Akaamuru kila kadi iongezwe mstari: Dawa inayomdhuru.

Kadi mpya zingetoka wapi? Siku hizo za magendo hata sabuni tuliinunua kwa kunong'ona. Basi tukachukua rula na kalamu nyekundu, tukapiga mstari kwenye kadi zile zile za zamani. Kupiga mstari ni kazi ya mkono tu. Shida ilikuwa nini cha kuandika juu yake, kwa watu waliotibiwa kabla swali lenyewe halijazaliwa. Mimi nilisema tuache wazi mpaka mwenyewe aje aulizwe. Mganga akasema nafasi wazi ni uvivu; tuwafuate watu vijijini, kila kadi ijibiwe Ndiyo au Hapana kabla ya mvua. Nilibishana naye mpaka akanituma Koboko nikafanye za huko, nadhani apumzishe masikio yake. Za Arua akamwachia karani mwenzangu, ambaye pia ni mume wangu.

Niliporudi nilimkuta mama yangu mzazi kwenye benchi la zahanati, ameletwa kwa baiskeli kutoka kijijini Aroi, kifua kinambana. Dresa wetu, msaidizi wa mganga, Mkongomani mpole, alikuwa ameshavuta penisilini kwenye bomba la sindano. Kadi ya mama ilikuwa mezani. Dawa inayomdhuru: Hapana. Mwandiko ulikuwa wa mume wangu.

Kwetu mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Huyu alimwulizaje mambo ya mwili wake?

"Ngoja!" nikapiga kelele. "Usimchome!"

Dresa akashtuka. "Lakini kadi nasema hapana, dada."

"Usiandikie mate na wino upo. Mwenyewe si huyu hapa? Mwulize!"

Mama aliuza muhogo sokoni Arua miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili cha sokoni alikijua. Alinijibu kwa hicho makusudi, dresa naye asikie.

"Mukwe nasimama inje, nauliza mimi kwa ukuta. Mimi nasikia haya. Mimi nasema hapana, hapana, yeye iende haraka."

"Na sindano kama hii je, mama? Imewahi kukudhuru?"

Akainamisha macho. "Ile mutu ya sindano ya sokoni alichoma mimi, mwaka ingine. Mwili yote navimba, pumzi napotea. Mimi naficha wewe. Wewe iko na kelele mingi."

Dresa aliliweka bomba chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Mimi nilicheka na kulia, sijui kipi kilitangulia. Nikakaa sakafuni pale pale, nimeshika mguu wa mama kama mtoto. Alipewa vidonge vya aina nyingine, na kabla juma halijaisha alikuwa analalamika kwamba uji wetu hauna chumvi.

Kadi nilimpelekea mganga mwenyewe. Aliisoma, akasikiliza habari ya ukuta, akasema kuanzia leo pasipojulikana tuandike Hajaulizwa. Nilifurahi kushinda, sitakataa. Mume wangu nilitaka kumgombeza usiku kucha, lakini nikamwonea huruma. Alikuwa amemtii mganga na amemheshimu mkwe, yote kwa siku moja.

Siku mama alipokuwa anarudi Aroi, mume wangu alisimama nyuma ya ukuta wa zahanati, uso kaugeuzia barabara, akauliza kwa sauti kubwa kama mama amepona kweli. Mama alinitazama mimi.

"Ambia yeye mimi iko muzima," akasema. "Na kwa kadi, piga mustari ingine: nani nauliza."

Nikaenda kuchukua rula.