Mistari Minne kwenye Taya

Wacha nianze kwa kusema kwamba sinywi pombe, sikuwa na homa, na ilikuwa saa kumi na moja jioni, soko bado lina watu. Nasema haya mapema kwa sababu najua utakachosema. Hata mimi ningekisema. Lakini mikono yangu ndiyo iliyofanya kazi ile, na mikono yangu naijua. Nilimpaka poda mama aliyekuwa amekufa siku tano, akatosheka, akatoka akaenda zake. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Nina kibanda cha vipodozi hapa Karatina, nyuma kidogo ya soko, karibu na mama anayeuza maharagwe, Mama Shiku. Usifikirie duka la vioo na taa za rangi. Ni mbao, rafu tatu, stuli moja na kioo kimoja chenye ufa pembeni. Wateja wangu ni wanawake wa karoti na kabeji, wasichana wa saluni, na walimu mshahara ukiingia. Chupa nzima ya faundesheni nzuri hawaiwezi, kwa hivyo mimi hununua chupa na kuigawa kwenye vikopo vidogo, vile vya kadogo, na kikopo kimoja kinakusukuma wiki tatu ukiwa na mkono mwepesi.

Kupendeza hakuhitaji pesa nyingi, niamini. Nawa uso, paka mafuta kwanza, la sivyo baridi ya huku itaipasua poda yote kabla ya saa sita. Usinunue krimu ambayo tarehe yake imekwanguliwa. Na usijipimie rangi mkononi, tafadhali. Mkono wa mtu wa shamba umekunywa jua miaka yote, uso ulikuwa umejificha chini ya kofia. Pima kwenye taya, halafu toka nje ujiangalie kwenye mwanga wa mchana.

Sasa kuna dhambi yetu moja sisi wauzaji, na wacha niiseme. Huwa hatukupi rangi yako. Tunakupa ile inayofuata, nyeupe kidogo. Unajiona kwenye kioo umeng'aa, unafurahi, unanunua. Nimefanya hivyo miaka mingi na sikuwahi kukosa usingizi.

Na jambo lingine ujue kabla sijaendelea: mimi ni mpweke. Mume wangu alifariki, na hatukujaliwa mtoto. Nikifunga kibanda naenda kwenye chumba changu, nawasha jiko, na hakuna mtu wa kumwambia nimefika. Nashika nyuso za watu kutwa nzima, lakini wangu haukuwa umeguswa na mkono wa mtu tangu siku ya mazishi. Mambo kama haya mtu huyazoea, lakini kuyazoea hakuyaondoi.

Basi ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Julai. Unajua Julai yetu. Mlima Kenya haukuwa umeonekana wiki nzima na manyunyu yalikuwa yameanza tangu asubuhi. Nilipoinua macho, mama mmoja alikuwa ameshaketi kwenye stuli. Mtu wa miaka sitini na kitu, sweta ya kijani, kitambaa kichwani, gambuti miguuni. Matope ya gambuti zile yalikuwa yamekauka, na sweta haikuwa na tone la maji. Je, hilo halikutosha kunishtua? Halikunishtua. Nilimwona mteja tu.

"Niko na wageni kesho," akasema. "Wengi. Nataka wanijue."

"Watakujua, mama. Tutakung'arisha."

"Sitaki kung'ara. Nataka wanijue."

Nikaitikia tu, vile tunavyoitikia wateja, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kikopo cha rangi ya juu, ile nyeupe. Nikamchora mstari kwenye taya la kushoto kwa kidole cha pete. Ngozi yake ilikuwa baridi, lakini Julai nani hana baridi? Nikageuka kuchukua kioo. Niliporudi, mstari haukuwepo.

Nikafikiri ngozi imekauka, imekunywa rangi. Nikaweka mstari wa pili, rangi ya chini yake kidogo. Ukapotea nikiuangalia. Wa tatu nao vilevile. Yeye hakuonekana kujali. Alikuwa akinieleza mambo yake, polepole, kama mtu ambaye hajaongea na mwenzake kwa muda mrefu. Alikaa Mweiga, peke yake, na viazi na ng'ombe wawili. Mzee alitangulia. Msichana wake mmoja yuko ng'ambo, huu ni mwaka wa sita.

"Ananiona kwa simu tu," akasema. "Na hiyo simu aliniwekea, inanipaka yenyewe. Ananiona nikiwa mweupe, laini, ati mami umerudi kuwa msichana. Mimi nanyamaza. Sasa anayejua vile niko ni ng'ombe."

Alisema hivyo akicheka kidogo, nami nikacheka naye. Niliona haya. Nilikuwa nimempaka mama huyu rangi tatu ambazo si zake, na yeye alikuwa ameniambia wazi anachotaka. Nikamshika mkono, nikamleta mlangoni penye mwanga, nikamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa mweusi wa kupendeza, mwenye wekundu kidogo chini ya ngozi, kama udongo wa huku ukilowa. Nikachanganya kikopo cha mwisho kabisa, ambacho huwa hakinunuliwi, na tone la rangi nyekundu. Nikachora mstari wa nne.

Huo pia sikuuona, lakini kwa sababu nyingine. Ulikuwa umemkubali.

"Hiyo ndiyo mimi," akasema. Nilimpa kioo, hakukiangalia. Alikuwa ananiangalia mimi usoni, akisoma hapo kama rangi imemkaa.

Nikamjazia kikopo. Akasema nikiweke, msichana wake atakuja kukichukua, niandike Mama Muthoni. Nikaandika. Kisha akaniuliza, "Na wewe, nani anakuchagulia?"

"Najichagulia, mama."

"Na siku utalala usiamke, nani atajua rangi yako?"

Akachovya kidole kwenye vikopo vyangu viwili, hiki na kile, bila kusitasita, akanichora mstari hapa, kwenye taya la kushoto. Mkono wake ulikuwa kama chuma cha asubuhi, lakini naapa sikutaka autoe. Machozi yalinijaa. Nilipoyafuta alikuwa ameshatoka. Nikakimbilia kioo. Taya langu lilikuwa safi, hakuna mstari.

Nikamuuliza Mama Shiku kama ameona mama wa sweta ya kijani akipita.

"Mama gani?" akasema. "Nimekuona wewe hapo mlangoni umeinua kidole, nikasema labda unapima mvua."

Usiku ule nililala na taa ikiwaka.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa bado natoa mbao za mbele, mwanamke mmoja akasimama nyuma yangu. Koti jeusi, macho yamevimba. Alisema wana mazishi, mhudumu wa mochari ya hapa mjini amewaambia walete vipodozi vya kumpaka marehemu, na kibanda changu ndicho pekee alichopata kinafunguliwa. Akatoa simu. "Nataka ifanane na hii."

Kwenye simu kulikuwa na uso mweupe, laini, usio na hata mkunjo mmoja. Ningeweza kuapa simjui mtu huyo. Lakini kitambaa nilikijua, na macho nikayajua.

"Wewe ndiye Muthoni," nikasema.

"Ulimjua mami?"

Nikampa kikopo chenye jina. Na hapa nikakosea, maana nilisema jambo lilivyokuwa: "Alikuja jana jioni. Alisema utakuja kukichukua."

"Mami amekuwa mochari tangu Jumamosi," akasema polepole. "Sijui unataka nini kwangu. Na hii ni nyeusi sana, mami hakuwa hivi." Akachukua kikopo cha rangi nyeupe kwenye rafu, akaacha noti, akaondoka. Nikakaa chini palepale kwenye sakafu.

Hata saa moja haikuisha, akarudi. Safari hii hakusimama. Aliketi kwenye stuli ileile na kuniuliza, "Ulienda mochari?"

"Sijawahi kufika huko."

Akanieleza. Yeye na dada wa mama yake walienda kumwosha na kumvisha. Walipofunua uso, wakakuta mistari kwenye taya la kushoto, mitatu, myeupe, imepangwa mmoja chini ya mwingine. Mhudumu aliapa hakuna mtu aliyemgusa. Muthoni alipojaribu kuifuta, kidole chake kikateleza kwenye mstari wa nne chini yake, wenye mafuta bado, ambao jicho halikuuona kabisa.

"Anti akaangalia, akaniambia huo wa chini ndio rangi ya mama yako," akasema. "Akaniuliza hiyo mingine ni ya nani." Hapo akashindwa. Alilia kwa sauti ndogo, mikono kwenye magoti. "Sikumjua. Miaka sita namwona kila Jumapili, na sikumjua."

Hata mimi, muuzaji, nilikuwa nimekosea mara tatu nikiwa nimemshika taya. Nikamwambia hivyo. Akaniomba twende pamoja, nimpake mimi.

Nilienda. Sitakueleza mochari ilivyo. Nitakwambia tu kwamba niliinama nikaiona mistari yangu. Kila mtu ana mkono wake wa kupaka. Wangu huanza kwa kukandamiza na kuishia kwa wepesi, na kidole cha pete kilivunjika zamani, kwa hivyo mistari yangu hupinda kidogo mwishoni. Ile mitatu ilikuwa imepinda. Niliifuta mmoja mmoja nikimwomba msamaha kimoyomoyo, kisha nikafungua kikopo cha Mama Muthoni nikampaka uso wote. Haukung'ara. Ulikuwa uso wa mama wa Mweiga aliyetoka kukamua ng'ombe, amekaa kupumzika.

Tulimzika alasiri huko kwake Mweiga, mlima ukiwa bado umejifunika. Watu walipita kumwona, majirani, wanawake wa kanisa, na kijana wa kukusanya maziwa. Nilisimama pembeni nikiwaangalia nyuso. Mwanamke mmoja mzee sana aliinama, akamtazama, akasema, "Ni yeye." Wengine nao wakaendelea kusema hivyo wakipita, ni yeye, ni yeye kabisa, na Muthoni akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma.

Tangu siku hiyo siuzi tena rangi ya juu. Wateja kadhaa wamenikimbia, wameenda kwa wanaowang'arisha, nami sina ubaya nao. Muthoni alirudi ng'ambo. Hunipigia siku moja moja, na amezima kile kitu cha simu kinachopaka nyuso, kwa hivyo namwona na madoa yake na uchovu wake wote.

Lakini mstari ule wa kwangu ndio unaonikosesha usingizi. Kila asubuhi natoka mlangoni na kioo, nageuza taya kwenye mwanga, nautafuta. Haupo. Mahali penyewe pana ubaridi, hata jua la Februari halipapashi joto, lakini kwa macho haupo. Mistari ya yule mama nayo haikuonekana hapa kibandani. Ilionekana kule alikokuwa amelala. Kwa hivyo najua wangu utaonekana wapi.

Nilikaa na jambo hilo miezi miwili. Mwishowe nikamwambia Mama Shiku, maana sina mwingine. Nikamwambia, siku watakaponifunua, utakuta mstari hapa. Usiufute. Fuata huo. Akaniambia niache maneno hayo. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akaniangalia kwa muda, vidole vyake vinanuka maharagwe. "Sawa," akasema. "Nimeiona rangi yako." Akarudi kwa wateja wake, nami nikarudi ndani nikalia, na kilio hicho kilikuwa kizuri.

Wewe unayenisikiliza, sikulazimishi kuamini. Nunua cha bei nafuu, hakuna ubaya. Pima kwenye taya, nje, mchana, na muuzaji akikupa inayong'ara, mrudishie. Ila usijipimie peke yako. Mpeleke mtu mmoja akakuangalie vizuri bila simu, awe dada, awe jirani, awe nani. Wageni wako watakuja siku moja, na siku hiyo hutaweza kuwaambia kwamba hiyo si wewe.