Wimbo wa Baba Haujafika

Leo mama mmoja kaleta redio yake dukani. Nilipoifungua, harufu ya mawe ya redio, yaani betri, yaliyovuja ikanipiga puani, ile ya chumvi na kutu, na nikamwona baba akiyaanika juani juu ya bati ili yapate nguvu tena.

Ilikuwa sikukuu ya uhuru, nikiwa bado mtoto. Siku hiyo redio ilipiga nyimbo za zamani, na baba alidai kwamba ujanani aliimba kiitikio katika mmojawapo. Majirani walijaa uani kumtania.

"Muzee, ni huu?"

"Hapana. Wangu haujafika. Mukiusikia, mutanijua wenyewe."

Redio ikakwaruza, ikafifia, ikanyamaza. Baba akaipiga makofi bure.

"Kila mwaka sauti yako inapata malaria siku ya uhuru," jirani akasema, na uani kote wakacheka. Baba naye akatabasamu, akayarudisha mawe juani.

Alifariki bila kuutaja wimbo wenyewe.

Mimi niliyeishia darasa la nne, leo ni patron, mwenye duka la sola, hapa Salamabila. Wenye diploma wananunua kwangu, na spika zangu zinasikika mpaka machimboni. Sikukuu iliyopita nilipiga nyimbo zile zote tangu asubuhi, na hakuna kilichozimika. Katika kila kiitikio wanaume wanaimba pamoja, wote vizuri. Nilibandika sikio kwenye spika nikiitafuta sauti ya baba, mpaka mteja akaniuliza, "Patron, iko na shida?"

"Iko na shida kidogo," nikamwambia.