Nyanya Katika Picha ya Harusi

Nikisikia jiwe laini likisuguliwa juu ya karatasi, swii, swii, mimi hurudi Mji wa Kale, ghorofa ya chini ya nyumba yetu, kwa Khala Shirin. Jirani yetu huyu, Mwislamu wa asili ya Kihindi, tuliyemwita khala, yaani mama mdogo, kwa heshima tu, alirithi kwa babake kazi ya kuchora zile picha ndogo ndogo za zamani za kikwao. Karatasi aliisugua mpaka ikang'aa, rangi akazitia kwenye magamba ya chaza, na brashi akaitengeneza kwa manyoya ya mkia wa paka wetu. Paka mwenyewe akimwona tu, mbio juu ya paa!

Sasa sikilizeni. Dadangu Maimuna alipokaribia kuolewa, nyanya yangu akavunjika nyonga. Ngazi za nyumba zetu mwazijua zilivyosimama wima, kushuka hawezi. Nyanya aliyemlea Maimuna mikononi mwake, akose harusi yake! Na simu za kamera ndio kwanza zilikuwa zimeingia, basi mlangoni pa ukumbi wa wanawake zilikuwa zikikusanywa zote, picha marufuku. Nililia mimi kuliko bi harusi.

"Nyamaza," Khala akaniambia. "Nenda ukatazame vizuri, uje unieleze. Harusi tutamletea huko huko juu."

Wallahi nilitazama! Nikamweleza yote, kuanzia vilemba vya wanaume nje ya msikiti hadi mbuzi aliyekata kamba akawakimbiza wapishi. Khala akachora siku baada ya siku, akizuia pumzi kila alipovuta mstari mwembamba, nami nikizuia yangu hadi macho yanitoke. Nikimhimiza, hunijibu, "Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

Picha ilipokwisha, nikakasirika. Karatasi ya ukubwa wa sahani, na harusi nzima imo: kuta zimefunuliwa, ndani na nje vyaonekana pamoja, msikiti, ukumbi, wapishi na masufuria ya pilau. Lakini katikati amekaa Nyanya, mkubwa kuliko bi harusi, mkubwa kuliko mnara!

"Khala, huu si urongo? Nyanya hakuwako."

"Katika picha zetu, mwenye heshima zaidi ndiye huchorwa mkubwa," akajibu. "Awe karibu, awe mbali."

Tukampelekea. Nyanya akavaa miwani, akamwona mbuzi, akacheka. Kisha kidole chake kikaanza kupita kwenye masufuria, taratibu, mpishi mmoja baada ya mwingine.

"Mmenisahau," akasema. "Mimi simo."

"Nyanya, si huyo mkubwa hapo kati!"

Akatazama. Halafu akacheka mpaka nyonga ikamuuma, akatutuma tukawaite majirani wote waje waone. Furaha ya siku ile, mashallah, ilizidi ya harusi yenyewe.

Wakati ule nilidhani ni macho yake yamezeeka. Leo nimeshapika harusi za watu mimi mwenyewe, ndio najua: tangu ujana wake, kila harusi ya mtaa ule nyanya yangu aliiona kutoka jikoni. Ndiyo maana alijitafuta huko kwanza.