Titi Lililobaki

Nilirudi Kakuma siku ya nne baada ya kujifungua Lodwar, nikiwa na mtoto wa kike, kopo la maziwa ya unga na uongo mmoja. Niliwaambia watu kwamba maziwa yangu hayajatoka. Yalikuwa yametoka, tena yalinilowesha nguo. Kilichonizuia kunyonyesha ni uvimbe niliougusa nikioga hospitalini, mgumu, saizi ya haragwe, chini ya titi la kulia. Hilo ndilo lililobaki. La kushoto lilikatwa Eldoret miaka minne kabla, nikachomwa dawa hadi kucha zikawa nyeusi, kisha nikameza vidonge mpaka daktari aliponiruhusu nipumzike ili nitafute mtoto.

Muuguzi alikuwa amenihakikishia kwamba titi moja linatosha na maziwa hayabebi ugonjwa. Niliitikia kwa kichwa, lakini sikumwonyesha uvimbe. Mimi huyu, niliyewahubiria wanawake wenzangu kanisani wajipime kila mwezi! Niliogopa, basi. Niliogopa kuambiwa ugonjwa umerudi huku nimempakata mtoto wa siku mbili.

Mama mkwe alifika kwa bodaboda kutoka Lopur, akanijulia hali kwa Kiturkana.

"Ejok?"

"Ejok-noi, mama."

Alikitazama kikombe cha maziwa ya unga mkononi mwangu, akamtazama mtoto. "Hii mtoto iko na jina?"

"Bado."

"Basi toa titi."

Katika ukoo wa mume wangu, mtoto hulichagua jina mwenyewe. Huwekwa titini, majina ya waliotangulia yakatajwa moja moja, na lile atakalonyonya likitajwa ndilo lake. Nilijaribu ujanja.

"Mama, si tutumie kikombe? Wewe utaje, yeye anywe."

"Kikombe ndio ilizaa yeye?"

Mume wangu alikohoa, akatoka nje. Nikafungua blauzi. Mama mkwe aliliona kovu, akamsogeza mtoto upande wa kulia. Akamtaja bibi yake mwenyewe, mtoto akageuza uso. Akamtaja shangazi aliyeolewa Kapedo akafia huko, mtoto akalia. Jina la tatu, la nne, hataki. Moyoni nilimwomba mwanangu ayakatae yote, yaishe, nirudi kwenye kopo langu.

Ndipo akamtaja mama yangu. Sikujua hata kama anamkumbuka. Mama yangu alikufa nyumbani na kidonda cha titi alichokificha kwa kitambaa, hadi harufu ikamsemea. Nilifungua mdomo niseme hapana, huyo asiguswe. Mtoto alikuwa ameshashika. Alivuta kwa nguvu nikapiga kelele.

"Imekubali," mama mkwe akasema, akitabasamu.

Mimi nililia. Nililia kwa hasira, kana kwamba wamenipangia kifo mbele ya macho yangu, kisha nikasema yote. "Mama, kuna kitu hapa chini. Nimekificha."

Alipapasa pole pole kwa vidole vilivyokamua mbuzi maisha yake yote.

"Mbuzi ikizaa, inakuwanga hivi," akasema. "Lakini wewe si mbuzi. Kesho tunaenda Lodwar."

Tukaenda. Nilipakwa ule ute wa baridi, daktari akapitisha kifaa chake cha ultrasound, akarudia, akarudia tena kwa utaratibu ambao sitamsamehe. Kisha akasema ni maziwa yaliyoziba njia, yameanza kuachia, niendelee kunyonyesha. Nilimuuliza mara tatu. Mara zote tatu alisema ni maziwa, na kwamba nirudi baada ya wiki mbili aangalie tena.

Wiki mbili! Niliomba furaha ije, ikaja nusu.

Nje, mama mkwe alikuwa kwenye benchi na mtoto akilia kwa njaa. Nilikaa kando yake, nikafungua blauzi mbele ya foleni nzima. Mtoto alitupa kichwa huku na huku, haoni titi. Nikamwita kwa jina lake, jina ambalo sikuwa nimelitamka tangu tulipomzika mama.