Wimbo Uliotangulia Mtumbwi

Mwaka niliooa nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule ya misheni, mjini Baraka, kando ya ziwa. Shangazi aliyenilea alitunga wimbo wa kumpokea mchumba wangu, ambaye angetoka kwao Ubwari, ng'ambo ya maji, kwa mtumbwi.

"Hii wimbo iko siri," aliniambia. "Muke wako ataisikia siku ile akikanyaga mchanga."

Jumapili hiyo aliwafundisha bamama watatu wa jirani. Kila mmoja alitakiwa kufundisha wawili wapya kabla ya Jumapili iliyofuata, na hao wapya nao wawili wao, hivyo hivyo.

Somo langu juma lile, mfuatano wa namba, lilikuwa linafanana na jambo hilo, ila wanafunzi walikuwa wanasinzia. Nikafuta ubao, nikaandika tatu.

"Hawa ni bamama wa shangazi yangu. Kupata namba inayofuata, chukueni iliyotangulia, zidisheni kwa mbili. Juma lijalo, wapya wangapi?"

"Sita!"

"Na lile lingine?"

"Kumi na wawili!" Kutoka hapo hawakunihitaji tena: ishirini na nne, arobaini na nane. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na tukirudi nyuma? Kabla ya tatu?"

Tukagawanya kwa mbili, tukapata mama mmoja na nusu. Darasa zima likaangua kicheko. Shangazi yangu alikuwa mnene, lakini si kiasi hicho.

Jioni nikamwonya. "Juma la sita wapya watakuwa tisini na sita. Uwaambie wasimame hapo."

"Acha hesabu zako, mutoto. Bamama banajua kunyamaza."

Kumbe wapya wa juma la nne walikuwa na wanunuzi wa dagaa kati yao, watu wa kuvuka kwenda Ubwari kila mara. Na nani ananunua dagaa bila kupiga soga?

Siku ya arusi tulisimama ufukweni, shangazi mbele, leso mkononi, tayari kuanzisha. Mtumbwi haujafika bado tukausikia kutoka humo: wimbo wa shangazi, wote, tena na sauti ya pili ambayo yeye hakuitunga.

"Nani amebapatia?" akauliza, mdomo wazi. Mimi niliuma midomo nisicheke.

Akakaza kitenge, akaingia majini mpaka magotini, akawaitikia. Bibi arusi alipaswa kuinamisha kichwa na kukaa kimya. Alikuwa anaimba kuliko wote.